Maboga Tisa ya Mama Nyanzala

Ua lisilo mgeni halizai. Nimesema hivyo na ninarudia, maana naona mmenikodolea macho kana kwamba nimewatukana. Mmekuja asubuhi hii kuazima bomba la kupulizia dawa, bomba la marehemu mume wangu, nami nikawaambia kaeni kwanza mle boga. Mkasema mna haraka, wadudu wanamaliza majani ya maboga yenu kule bondeni. Ndipo nikayasema maneno hayo. Na Kalunde, mjukuu wangu, ambaye hawezi kupitwa na neno bila kulishika mkia, akauliza, "Bibi, hiyo umeitoa wapi?"

Haya, kaeni. Jigwa, shusha bomba hilo mgongoni, halitakimbia. Vuteni sinia karibu. Najua boga lenyewe ni changa na halina utamu, mmekwisha kutazamana mara mbili mkidhani sioni. Kuleni hivyo hivyo. Mimi leo nimechoka, magoti yameniamsha kabla ya jogoo, na mtu aliyechoka hasimulii mbio.

Nyinyi mnadhani kila methali ilishuka na babu wa mababu. Hii ninaijua hata siku iliyozaliwa. Nilikuwepo, na mara nyingi nimetamani nisingekuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Niliolewa hapa Itobela nikiwa na umri kama wa Kalunde. Mume wangu, Sizya, alilima tumbaku, kama wanaume wote wa upande huu wakati ule. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani alibaki mama yake, Mama Nyanzala, mwanamke mfupi, mkimya, mgongo umepinda kwa jembe. Hakunipokea kwa maneno mengi. Alinionyesha kisima, akanionyesha jiko, kisha akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa akateremsha kibuyu kilichokuwa kinaning'inia darini penye moshi.

"Hii ni mbegu ya maboga," akaniambia. "Mimi nilipewa na mama wa mume wangu, naye alipewa na mama wa mumewe. Sasa tutaitunza mimi na wewe."

Maboga hayo mnayajua. Yakikomaa ganda lake ni la kijivu, ndani mekundu, na ukiyaweka darini yanakaa mpaka mvua nyingine. Siku hizo yalikuwa yetu peke yetu. Kila ukoo ulikuwa na mbegu yake, na yetu haikuwahi kutoka nje ya mlango. Mwanamke akija kuomba, Mama Nyanzala alimpa boga lililokwisha kupikwa, akale akashibe, lakini mbegu hakupata.

Mwaka wa tano wa ndoa yangu mvua ilikatika mapema. Maboga yakafa yakiwa na ukubwa wa ngumi. Mbegu zilizobaki kibuyuni zilikuwa chache, tena zinazeeka. Mvua iliyofuata ilianza vizuri, na Mama Nyanzala akasema, "Tupande zote. Zikikaa mwaka mwingine hazitaota." Tukapanda zote, kule kule bondeni mnakolima nyinyi. Kibuyu kikarudi darini kikiwa kitupu. Eleweni hapo, maana ndipo penye uzito wa hadithi hii: kama shamba lile lisingezaa, mbegu ya akina mama wote wale ingefia mikononi mwangu.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Kapama. Alikuwa mdogo wake marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu alikuwa baba mkwe. Nyinyi siku hizi mnapeana mikono na wakwe, mnapiga nao na picha. Kwetu sisi haikuwa hivyo. Mkamwana hakutazamana na baba mkwe wala kusema naye neno. Mkikutana njiani, mwanamke unaacha njia, unapiga goti, unatazama majani mpaka mzee apite. Ukiwa na jambo naye, unapitia kwa mama mkwe au kwa mumeo. Iliendelea hivyo mpaka siku mzee mwenyewe atakapoleta zawadi, kuku au kanga au jembe, kuja kumfungua mkamwana mdomo. Wenzangu wengine walifunguliwa baada ya mwezi. Mimi nilikuwa ninamaliza mwaka wa tano na mdomo wangu bado umefungwa. Mzee Kapama hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa porini, mrina asali, mtu anayeweza kusahau hata kwamba hajala.

Alikuwa na mizinga ya magome karibu thelathini. Zamani ilitawanyika porini kote. Lakini tumbaku inakaushwa kwa moto, na bani moja, yaani banda la kukaushia, lilimeza kuni kama tembo. Kila mwaka wanaume walikata miti, na kila mwaka Mzee Kapama aliteremsha mizinga yake na kuisogeza. Mwaka ninaousema, mizinga yote ilikuwa imekusanyika kwenye miti michache ya mitundu iliyosalia, kando ya bonde, juu ya shamba letu la maboga. Hakukuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

Na kulikuwa na adabu yake. Mtu akitaka kuchoma majani, kukata mti, au kupulizia dawa karibu na mizinga, anampelekea mwenyewe habari siku moja kabla. Jioni, nyuki wakisharudi, mzee anapanda na kuziba midomo ya mizinga kwa majani. Kazi ikiisha, anazibua. Jambo lenyewe lilikuwa neno moja tu, "Kesho tunapulizia." Wanaume wa tumbaku wote walilisema.

Maboga yetu yalipoanza kutoa maua, wadudu wekundu wakaingia, wale wale wanaowasumbua nyinyi. Walitoboa majani yakawa kama chujio. Sizya alikuwa porini na wenzake wiki ya pili, wanakata kuni za bani. Mama Nyanzala alikuwa kijiji cha pili anamwuguza binti yake. Nilikuwa peke yangu, nina shamba ambalo mbegu yake haina nyingine duniani, na ninayaona majani yakiisha. Ndani kulikuwa na kopo la dawa ya tumbaku, na bomba hili hapa.

Nilijua kwamba natakiwa kumpelekea Mzee Kapama habari. Lakini nimpelekee kwa mdomo gani? Mume hayupo, mama mkwe hayupo. Nilifikiria kumtuma mtoto wa jirani, nikaona kumtumia mkwe mtoto asiye wetu, tena kwa habari ya sumu, ni utovu wa adabu. Nilifikiria kwenda mwenyewe nisimame nyuma ya nyumba yake nipaze sauti, nikaona haya mpaka nikahisi joto masikioni. Nikajiambia mzee atanielewa. Nilikuwa na haraka, kama nyinyi leo.

Nikachanganya dawa kwa kukisia. Sizya alikuwa akiweka vifuniko viwili, mimi nikaweka vitano, nikidhani wadudu wa maboga ni sugu. Nikapulizia asubuhi, jua limechomoza, maua yamefunguka yote. Nyuki walikuwa wengi mno, kila ua lina wawili au watatu. Niliwaona. Sitawadanganya kwamba sikuwaona. Sisi tulikulia kwenye asali, na tulijua nyuki anachukua kitu kwenye ua. Kwamba kuna kitu anaacha, hilo hakuna aliyetufundisha. Nikasema moyoni, hawa nao wanakula maua yangu, na wao wakome. Nikawapulizia pamoja na wale wekundu.

Baada ya siku mbili Mzee Kapama alipita njia ya nyumbani kwangu amebeba mzinga begani. Niliacha njia, nikapiga goti. Kwa kawaida yeye alikohoa kidogo kunijulisha kwamba amepita, ndiyo salamu yetu. Siku hiyo hakukohoa. Nilitazama majani nikaona nyuki waliokufa wanadondoka kutoka kwenye mdomo wa mzinga, mmoja mmoja, njia nzima aliyopita.

Sikusema kitu. Sizya aliporudi sikumwambia, na Mama Nyanzala aliporudi sikumwambia. Nilinyamaza, kwa sababu shamba lilikuwa linapendeza. Wadudu wamekufa, majani yamekunjuka, mapana, ya kijani, na maua sasa! Bonde zima lilikuwa njano. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama kutazama. "Mke wa Sizya," walisema, "mwaka huu utatulisha." Nami nilitembea nikiwa nimenyoosha shingo.

Wiki moja ikapita, ya pili ikapita. Mnajua ua jike la boga lina kiboga kidogo nyuma yake, kama kidole gumba. Vile viboga vyangu vilikuwa vinageuka njano, vinalegea, vinadondoka. Asubuhi ua limefunguka, kesho yake limenyauka, siku ya tatu lipo chini na kiboga chake. Nilivihesabu mpaka nikaacha kuhesabu. Ndani ya nyumba tulikuwa tumefikia matobolwa ya mwisho, vile viazi vikavu, mahindi bado hayajabeba. Mama Nyanzala alikuwa amerudi na homa aliyoichukua kwa binti yake, hawezi kula vizuri. Kila jioni aliniuliza, "Hakuna hata boga changa? Nina hamu ya boga." Kila jioni nilimjibu, "Bado, mama."

Wiki ya tatu nikajua nimerogwa. Msicheke. Mtu akiona maua elfu bila boga hata moja atasema nini? Nikapiga hesabu zangu: nani ana sababu ya kunikasirikia? Nani alipita bila kukohoa? Usiku huo nikamweleza Mama Nyanzala kila kitu, dawa, vifuniko vitano, nyuki njiani. Nikamalizia kwa kusema, "Mama, baba amelifunga shamba."

Mama Nyanzala alivuta kanga mabegani. Halafu akasema, "Kesho mwambie Sizya aende kumwita baba yake mdogo."

Mzee Kapama akaja. Alikaa kizingitini ameupa ukuta uso. Mimi nilikuwa upande wa jikoni, nimempa mgongo. Mama Nyanzala alikuwa amelala katikati juu ya mkeka, na maneno yote yalipita kwake.

"Shemeji," Mama Nyanzala akaanza, sauti ikiwa nyembamba kwa homa, "mkamwana wako anasema shamba limefungwa. Anaomba radhi kwa nyuki. Anaomba ulifungue."

"Mwambie mkamwana mimi sijui kuloga," akasema Mzee Kapama. "Ningejua, ningeanza na nyegere wanaonivunjia mizinga."

"Anasema hajui kuloga," Mama Nyanzala akaniambia.

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Na hapo ndipo nilipokosa adabu kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu. Nikageuka, nikasema mwenyewe kwa mdomo wangu, "Basi nani amelifunga? Maua yamejaa! Nani anayaangusha?"

Mama Nyanzala akajifunika uso kwa kanga. Sizya, aliyekuwa nje, akakohoa kwa aibu. Mzee Kapama hakugeuka. Alikaa akikuna ukuta kwa kucha, na alipojibu alimjibu shemeji yake bado.

"Mwambie mkamwana kesho alfajiri aje bondeni. Na wewe uje, shemeji, kama unaweza kutembea. Bila wewe sitaweza kusema naye."

Mama Nyanzala hakuweza kutembea, lakini alitembea. Alishika bega langu kwenda, tukipumzika kila hatua hamsini. Tulimkuta mzee amesimama katikati ya maboga, jua ndiyo linachungulia, maua yanafunguka. Nikasimama nyuma ya Mama Nyanzala, macho chini.

"Shemeji, mwulize mkamwana anasikia nini," akasema.

"Unasikia nini?" Mama Nyanzala akaniuliza.

Nikasikiliza. Nikasikia jogoo mbali huko kijijini. "Sisikii kitu, mama."

"Hasikii kitu."

"Mwambie huo ndio ugonjwa wa shamba lake. Mwaka jana ukisimama hapa saa hizi hukuweza kusikia mtu anayekuita, kwa ngurumo ya nyuki."

Akachuma ua moja, akalinyoosha mbele ya Mama Nyanzala ili nami nione. "Hili ni dume. Nyuma yake hamna kitu, na ndani lina vumbi la njano." Nyinyi wa shule mnaliita chavua. Yeye aliliita unga. Akaligusa, kidole kikatoka njano. "Lile pale ni jike, lina kiboga mgongoni. Unga huu usipofika kule, kiboga hakikui. Na ua halina miguu. Dume limekaa hapa, jike limekaa pale, wanaoneana haya kama mimi na mkamwana. Hawawezi kusemezana mpaka awepo wa kupita katikati." Akamtazama mama mkwe wangu aliyekuwa anatetemeka kwa homa. "Shemeji, kwetu sisi wewe ndiye nyuki."

Akalichana lile ua dume, akabakiza kijiti chake cha unga, akainama, akalipaka ua jike polepole, pande zote. Mkono wake ulikuwa mkubwa na mzito, mkono wa kubeba mizinga.

"Miaka arobaini nimekaa nikiwatazama," akasema. "Wanaingia, wanatoka wamechafuka njano, wanaingia kwa jirani. Nilidhani kila mtu ameona. Mwambie mkamwana sikumfungia shamba. Wageni wake wamekufa, na ua lisilo mgeni halizai."

Mama Nyanzala akanigeukia ili anipelekee maneno hayo, kama ilivyokuwa kazi yake. Akayarudia taratibu: "Ua lisilo mgeni halizai." Halafu akakaa chini kwenye majani. Mimi nililia pale pale, mbele ya mkwe, na sikujali.

Kwa hiyo mkisema methali hii, jueni ilisemwa mara mbili siku ile ile iliyozaliwa, mara ya kwanza na mtu aliyefiwa na mizinga yake yote, mara ya pili na mgonjwa.

Tangu asubuhi hiyo nikawa nyuki. Mnajua kazi hiyo? Ua la boga linafunguka alfajiri, na jua likishapanda linajifunga na halifunguki tena. Una saa tatu au nne tu. Unatafuta dume, unalichana. Unatafuta jike, nalo linapenda kujificha chini ya majani yenye miba midogo. Unainama, unapaka, unainuka, unaanza upya. Siku ya kwanza niliona ni mchezo. Siku ya kumi nilikuwa siwezi kuinua mkono kujifunga kanga. Mikono yangu ilivimba kwa ile miba, kiuno kikakataa kunyooka, na magoti haya ninayoyalalamikia kila siku yalianza pale. Nikimaliza kulikuwa na mahindi ya kupalilia, tumbaku ya kuchuma, mgonjwa wa kuosha. Na kila asubuhi nilikumbuka jinsi walivyokuwa wakifanya kazi ile maelfu kwa maelfu, bila kuitwa, wakiimba, nami nikawaona wezi.

Sizya alinisaidia siku nne. Siku ya tano akasema, "Milembe, kazi hii si ya binadamu," akarudi kwenye tumbaku. Sikumlaumu, maana alisema kweli.

Kilichonivunja moyo ni kwamba nilikuwa nimechelewa. Maua mengi yalikuwa yamekwisha kupotea zile wiki tatu, na mashina yalianza kuchoka. Mengi niliyoyapaka hayakushika, sijui kwa nini, labda mkono wangu haukujua. Shamba lile, ambalo miaka mingine lilijaza ghala, lilinipa maboga tisa.

Nilikuwa nayajua kwa mahali pake. Nilikwenda kuyatazama asubuhi na jioni, nikayatandikia majani makavu chini yasioze. Yakafika ukubwa wa kichwa cha mtoto, bado mabichi, ganda laini. Mbegu za boga kama hilo hazijakaza, ukizipanda hazioti. Zilihitaji wiki nyingine sita.

Jioni moja Mama Nyanzala aliniuliza tena. Kwa wakati huo alikuwa amekonda mpaka mkeka ulimshinda uzito. "Mkamwana, nasikia yapo."

"Yapo tisa, mama."

"Nipikie moja. Changa hivyo hivyo. Nionje tu."

Nikapiga goti karibu naye. Nikamwambia, "Mama, ni tisa tu. Tusubiri yakomae tupate mbegu. Yakikomaa nitakupikia la kwanza."

Alinitazama. Sijui kama alikuwa na hasira au la, na nimekaa miaka mingi nikijiuliza. Akasema, "Haya. Mbegu kwanza." Akageukia ukuta.

Alikufa siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, nikiwa bondeni napaka maua. Maboga yalikuwa tisa, nayo yalikuwa mabichi.

Yalikomaa vizuri, yote. Nikapata mbegu za kujaza kibuyu mpaka shingoni. Watu walinipongeza, wakasema nimeokoa mbegu ya ukoo. Sikuweza kula boga mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Baada ya arobaini ya Mama Nyanzala, Mzee Kapama akaja nyumbani. Nilipomwona njiani nikataka kukimbilia jikoni, akasema, "Simama." Alisema nami mwenyewe, na hakukuwa tena na wa kupita katikati. Akafungua kitambaa akatoa donge la nta, jeusi jeusi, la ukubwa wa yai, akaliweka chini mbele ya miguu yangu.

"Nimekuja kukufungua mdomo," akasema. "Nilitaka kuleta asali, lakini sina. Hii ndiyo iliyobaki mizingani."

Nikapiga goti nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa inanuka asali bado.

"Nimechelewa miaka mitano," akasema. "Kama ningekufungua mwaka ule ulipokuja, ungeniambia neno moja tu, 'Kesho ninapulizia, baba.' Ningeziba mizinga. Nyuki wangekuwepo. Marehemu angekula boga. Usibebe peke yako."

Lilikuwa neno la huruma, nalo lilinisaidia. Halikuuondoa ule mzigo, lakini lilinipa mtu wa kuubeba naye. Neno langu la kwanza kwa baba mkwe wangu lilikuwa, "Baba, watarudi?"

"Wakipata miti," akajibu.

Akamfuata Sizya na wenzake, akawaomba ile mitundu ya bonde wasiiguse. Walibishana mpaka wakachoka, mwishowe wakaiacha. Akatundika mizinga mitupu, akaipaka ndani nta kidogo iwavute nyuki wapitao. Msimu wa kwanza hakuingia hata mmoja, nikapaka maua kwa mkono. Msimu wa pili, hivyo hivyo. Msimu wa tatu, asubuhi moja, nimeinama chini ya majani, nikasikia kitu kinanguruma karibu na sikio langu. Alikuwa mmoja. Alinipita, akaingia kwenye ua, akatoka amechafuka njano. Nikakaa chini, nikamtazama mpaka akaondoka. Nilikuwa nimechoka sana, wajukuu zangu.

Maneno ya mzee nayo yakatoka kwetu yakaenda kijijini. Wanawake waliyachukua kwanza, wakawaambia wakwe wanaochelewa kufungua midomo. Yakaenda harusini, yakaenda barazani, wakamwambia mtu anayefunga mlango akisikia hodi. Siku hizi nasikia hata mtu anayetaka kuchinjiwa kuku anaitumia. Sina ugomvi naye, ila yalitoka kwenye maboga tisa. Na ile mbegu ambayo haikuwahi kutoka mlangoni, mimi nilianza kuigawa. Ndiyo maana nyinyi mnayo shambani, na hamkuniuliza kwa nini bibi mchoyo wa maneno si mchoyo wa mbegu.

Sasa Jigwa, toka nje utazame jua. Limepanda eh? Maua yenu yamekwisha kujifunga. Naam, nimewachelewesha makusudi. Mlitaka kupulizia saa tatu asubuhi, bonde limejaa nyuki, nami kwa magoti haya nisingeweza kuwazuia. Ulimi ndio uliobaki na nguvu.

Bomba chukueni. Wadudu ni kweli wanaharibu, sisemi muwaache. Lakini piteni kwanza kwa Mhoja, mtoto wa Mzee Kapama, mwambieni lile neno moja. Yeye mnaweza kusema naye hata mkiwa mmesimama, hana ukwe nanyi. Ana mizinga saba tu, na mitundu iliyobaki ninaihesabu nikiwa nimekaa hapa mlangoni. Mpulizie jioni, nyuki wakiwa nyumbani na yeye amekwisha kuziba. Na vifuniko ni viwili. Wakifa safari hii sijui kama kuna mahali wengine watatokea, na mimi siwezi tena kuinama.

Kalunde, unataka kuuliza kuhusu boga, nimekuona. Ni kweli limekatwa changa. Hilo ni boga la kwanza la mwaka huu, kutoka pale jalalani. Kila mwaka la kwanza siliachi likomae na mbegu zake sizitunzi. Ninalikata bichi, ninalipika, ninakaa nalo hapa mlangoni, na yeyote atakayetangulia kupita ndiye anayelila. Leo mmepita nyinyi. Ndiyo maana nilikasirika mliposema mna haraka.

Kuleni basi, mmalize. Bakisheni kipande kimoja kwenye sinia, huenda kuna mwingine njiani. Ua lisilo mgeni halizai.